Naam ya Mashavu

Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka nilipolidaka kwa nyuma. Mji niliokuwa nauacha hauna la kusimulia. Nilikaa miezi minne, nikauchoka, nao ukanichoka. Dereva alipunguza mwendo kidogo bila kusimama, nikajirusha juu ya mzigo. Nilidhani ni mahindi. Ilikuwa karatasi: mafurushi kwa mafurushi, yamefungwa kamba za katani, yamepangwa mpaka juu.

Safari ilikuwa ya siku mbili, na mimi kukaa bure siwezi. Nikachomoa kitabu kimoja kwenye furushi, nikaanza kusoma kwa sauti. Mimi shule nimeipata vipande vipande: darasa la pili kwa mapadri, miezi sita madrasa, darasa la tano kwenye kambi ya wakimbizi ambako sikuwa mkimbizi, na muhula mmoja wa elimu ya watu wazima. Kote huko walinifundisha kusoma kwa sauti. Kusoma kimya sikufika darasa lake.

Kila nilipomaliza aya nilimsikia dereva kule mbele, dirisha wazi, anaitika: "Naam."

Aya nyingine. "Naam."

Tulipofika kwenye kizuizi cha mpakani nilishuka nikamfuata.

"Ndugu, mbona unaniitikia?"

"Si unasoma?"

"Nasoma peke yangu."

"Hata kama, mzee. Mtu akisoma, akafika mwisho wa aya, unaitika. Ukinyamaza ni kama umemtemea mate. Kwenu hamuitiki?"

"Kwetu tunasinzia."

"Na sisi tunasinzia," akasema. "Lakini tunaitika."

Dereva huyo aliitwa Tembe. Nikamuuliza karatasi zote zile ni za nini. Akasema ni muhtasari wa kozi, unapelekwa Chuo Kikuu. Nikauliza ni za kozi ngapi.

"Moja. Ya wanafunzi arobaini." Akanitazama kutoka kandambili mpaka kofia. "Una sauti ya mtu mwaminifu, mzee. Msomaji wao wa zamani sauti imemkauka. Hebu nenda kajaribu."

Ndivyo nilivyoingia katika nchi ile. Jina lake silitaji. Kifungu cha tatu cha muhtasari ule kinakataza kulitaja nje ya mipaka, na mimi mwenyewe nilikiitikia.

* * *

Mkuu wa Kitivo alikuwa Profesa Ngwali, mtu mwembamba mwenye tai tatu, moja shingoni na mbili zimetundikwa ukutani kwa dharura. Alinisikiliza nikisoma ukurasa mmoja, akafumba macho kama anayeonja mchuzi.

"Kaka," akaniambia, na mimi sikuwahi kuitwa kaka na profesa, "sauti hii taifa limeisubiri. Keti nikueleze wajibu wako. Zamani mwanafunzi mmoja alikishtaki chuo hiki. Mwalimu wake hakuingia darasani miaka miwili. Hakimu akatafakari siku tisa, akaamua kwamba mwanafunzi ameonewa, maana hakuambiwa kuwa mwalimu hatakuja. Nisikilize vizuri hapo, kaka. Hakimu hakusema mwalimu aje. Alisema mwanafunzi aambiwe."

"Kwa hiyo mkafanyaje?"

"Tangu siku hiyo tunawaambia."

Ikawa kila kozi sharti iwe na muhtasari wenye Sera na Matamko, yaani kila jambo ambalo mwanafunzi angeweza kuja kulilalamikia baadaye anaambiwa mapema. Mwanzoni walimtaka atie saini. Lakini watu wa nchi ile si wepesi wa saini. Mtu hupokea kalamu, akaitazama, akaanza kuuliza maswali. Ndipo Profesa Ngwali, kwa kipaji chake, akakumbuka kwamba hao hao wasiotaka saini, ukiwasomea, wanaitika naam bila kuombwa, kwa adabu waliyonyonya kwa mama zao. Akapeleka hoja bungeni. Bunge likasomewa hoja. Bunge likaitika.

Basi naam ikawa saini.

"Na mimi baada ya hapo?" nikauliza, maana uzee umenifundisha kuuliza hilo mapema.

Profesa akanishika bega. "Tumikia miaka mitatu, kaka. Baada ya hapo nakupa nafasi ya kusoma hapa hapa. Cheti chenye jina lako, kwa wino wa dhahabu. Mimi na wewe hatufichani."

Nitawaambia kweli. Nimelala katika nchi saba, nimefanya kazi ambazo nyingine hazina jina, na sijawahi kumaliza kitu kikaandikwa kwamba nimekimaliza. Nilitoka ofisini mle nikiwa mwepesi kama mtu aliyepona homa.

* * *

Kozi niliyopewa ilikuwa ya ukunga. Vifungu mia tatu na arobaini, siku tisa za kusoma. Wanafunzi waliketi ukumbini, nami nikasimama kwenye mimbari. Pembeni yangu aliketi Bwana Kisisa, Karani wa Naam, mnene, mpole, ana kidude cha chuma cha kubonyeza, kile wanachohesabia ng'ombe mnadani. Kila naam alibonyeza, kisha akaandika daftarini ilitoka kwa nani na ilikuwaje: ya juu, ya kati, au ya shingo upande. Zote tatu zilikuwa halali.

Nilisoma vizuri, hata nikisema mwenyewe. Kifungu cha tisa kilisema: "Mwalimu wa kozi hii amefariki. Saa zake za kuonana na wanafunzi ni Jumanne, kuanzia saa nne."

"Naam," ukumbi ukaitika.

Cha thelathini na moja: "Chuo kinawajali wasioweza kutembea. Njia yao ya mteremko imejengwa upande wa mashariki. Mlango uko magharibi."

"Naam."

"Mwanafunzi atakayenakili kazi ya mwingine atafukuzwa. Kifungu hiki kimenakiliwa, kwa shukrani, kutoka chuo cha nchi jirani."

"Naam."

"Mtahini mkuu ni shemeji wa Mkuu wa Kitivo. Jambo hili limetamkwa, kwa hiyo si siri, na kwa kuwa si siri, si kosa."

Hapo nilisikia sauti moja ya kike, safu ya nne, ikicheka kabla ya kuitika. Bwana Kisisa akainua kichwa, akafikiri, akaandika: ya kati.

Aliyecheka aliitwa Mashavu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mikono mikubwa, kanga kiunoni hata darasani. Mapumziko ya siku ya kwanza alinifuata na kikombe cha uji.

"Kunywa, babu. Koo lako ndilo linalotulisha maneno."

"Ahsante, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Kilele, milimani. Siku tatu kwa miguu, ya nne kwa gari."

"Na huko unafanya nini?"

"Nazalisha. Mwaka wa kumi na tisa huu. Wengine niliowapokea wakizaliwa nimeshawazalisha wao wenyewe." Akaketi ngazini. "Sasa wametoa amri. Kuanzia mwaka wa nne kutoka sasa, asiye na kibali akimgusa mama mwenye uchungu, jela. Na kibali hupati bila kupita hapa. Kule Kilele tuko mimi na mbuzi, babu, na mbuzi wanazaa wenyewe."

"Umewaachia nani wanawake wako?"

"Binamu yangu. Anaogopa damu." Hakucheka safari hii. "Nimewaambia wanivumilie miaka mitatu. Nirudi na karatasi, nisiwe nawazalisha huku nasikilizia mbwa wa polisi."

Kila siku alileta uji. Aliniambia ananiamini kwa sababu nasoma kama yeye, kwa kidole. Hao wengine, alisema, macho yao yanakimbia kwenye karatasi kama panya jikoni, hujui yamekula nini.

* * *

Siku ya tano jioni nilipitia vifungu vya kesho yake, nikafika cha mia mbili na kumi na mbili. Kilikuwa kifupi. "Kuhitimu kwa mwanafunzi hakutachukuliwa kuwa kustahiki kwake kutenda lile alilohitimu."

Nilikisoma mara tatu. Ndani yake palikuwa na kitu, lakini kila nikikishika kinateleza. Nikaenda kwa Profesa Ngwali. Nilimkuta anakunywa chai na keki.

"Profesa, hiki cha mia mbili na kumi na mbili kina maana gani?"

Hakukitazama. Alinikatia kipande cha keki.

"Ni maneno ya kawaida, kaka."

"Kawaida vipi?"

"Kawaida kama chumvi. Ipo kwenye kila chakula, nani anaiuliza? Kula keki."

Nikala keki. Ilikuwa na zabibu.

Kesho yake nilikisoma mbele ya ukumbi kwa sauti ile ile nzuri. Wakaitika, naam, naam, kidude kikalia. Bwana Kisisa akahesabu akapata thelathini na tisa. Akahesabu tena. Kisha akanyoosha kalamu safu ya nne.

Mashavu alikuwa amesimama. "Babu, rudia hicho."

Bwana Kisisa akasema kurudiwa kuna fomu, na fomu hutolewa mji mwingine.

"Basi asirudie. Aniambie tu maana yake. Nikihitimu nitakuwa nimehitimu nini?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Mlangoni alikuwa amesimama Profesa Ngwali, ana tai ya dharura. Alinitazama tu kama mtu anayemtazama kaka yake.

Nilijua kwamba sijui. Hilo nililijua vizuri sana.

"Ni maneno ya kawaida, mwanangu," nikasema. "Itika tuendelee."

Mashavu akanitazama kidogo, kisha akaketi, akalegeza mabega kama mtu aliyeambiwa na mkubwa wake kwamba hakuna nyoka pale, apite.

"Naam," akaitika.

Ya juu, akaandika Bwana Kisisa.

* * *

Miaka mitatu ilikwenda hivi. Kila Jumanne saa nne wanafunzi walikwenda kwenye ofisi ya mwalimu, wakasimama mlangoni kwa heshima dakika tano, wakaondoka. Mahudhurio ya mwalimu yalipewa alama nzuri na wakaguzi kwa sababu yalilingana kabisa na yaliyotamkwa.

Kufundisha alifundisha Mashavu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Siku moja msichana mmoja wa mjini alimuuliza mtoto akitanguliza miguu mtu anafanyaje. Mashavu akafunga kanga, akatia boga ndani, akamwonyesha kwa mikono. Wiki iliyofuata walikuja kumi. Baada ya muhula mmoja darasa zima lilikuwa linakaa nyuma ya jiko la chuo likizalisha maboga.

"Wewe mama Kilele, ungekuwa profesa ungetuua kwa kazi," wakamtania.

"Ningekuwa profesa nisingekuja," akasema.

Profesa Ngwali alipopata habari aliongeza kifungu: "Maarifa yanayopatikana nyuma ya jiko hayana uhusiano na chuo." Nilikisoma. Wakaitika, huku wakiwa na mbegu za maboga kwenye kucha.

Mtihani wa mwisho haukuuliza mambo ya uzazi. Uliuliza Sera na Matamko. Taja kifungu kinachohusu mvua. Eleza, kwa mifano, mipaka ya lawama. Mashavu alikuja kwangu wiki sita mfululizo, nikamsomea muhtasari wote upya, naye akaukariri kama dua. Tulipofika cha mia mbili na kumi na mbili nilikisoma haraka haraka. Alikikariri haraka haraka. Alikuwa wa kwanza darasani.

Siku ya mahafali alivaa joho juu ya kanga. Profesa Ngwali alihutubia saa tatu juu ya uwazi. "Taifa letu," alisema, "ndilo pekee duniani ambalo halijawahi kumdanganya mwanafunzi. Tumemwambia kila kitu. Asiyejua leo hajui kwa hiari yake." Tukapiga makofi. Mashavu alinishika mkono, akasema kesho asubuhi anakwenda Ofisi ya Vibali, na keshokutwa yuko njiani kwenda kwao.

* * *

Alirudi siku ile ile, saa nane mchana. Nilikuwa naota jua nje ya ukumbi. Hakuketi.

"Wamenifungulia kitabu," akasema. "Cha mia mbili na kumi na mbili. Nimesoma kazi, lakini kusoma kazi si ruhusa ya kazi. Kibali hakipo. Hakijawahi kuwepo. Nikawaambia sikuelewa. Wakafungua daftari lingine. Tarehe ipo, jina langu lipo. Naam, ya juu."

"Mwanangu, mimi sikujua."

"Ulijua kwamba hujui?"

Nikatazama kandambili zangu.

"Nakuuliza, babu. Siku ile niliposimama. Ulijua kwamba hujui?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia niitike."

Nikaanza kumweleza habari ya Profesa, na keki. Aliinua mkono wake mkubwa, nikaacha.

"Yule ni profesa," akasema. "Mtu wa namna ile nilimtazamia. Wewe nilikuwa nakuletea uji."

* * *

Alikata rufaa. Baraza la Rufaa za Naam lilikuwa na majaji watatu, na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alifungua kwa kusema kwamba Baraza linasikiliza kwa masikio yote sita.

Asubuhi ile, kabla sijaingia, karani wa Profesa alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kunikubali chuoni, jina langu limeandikwa sawasawa, herufi zote zipo. Nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Mashavu alieleza kesi yake kwa maneno machache. "Niliuliza maana. Nikajibiwa ni maneno ya kawaida. Kwa jibu hilo ndipo nikaitika."

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Kisisa. "Kuna swali lolote daftarini?"

"Hakuna, mheshimiwa. Kidude hakihesabu maswali."

Wakamwita Profesa Ngwali. Wakamuuliza kama aliwahi kumweleza msomaji maana ya kifungu hicho. Profesa akavua miwani, akanitazama kutoka mbali, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Mzee huyu ni mtumishi wa ngazi ya chini," akasema. "Namwona akipita. Sikumbuki kama tumewahi kuzungumza."

Uso ulinichoma. Nilisema moyoni: sasa nitasema yote, na keki nitaitaja, na zabibu.

Wakaniita.

"Ulimsomea kifungu?" mwenyekiti akauliza.

"Nilimsomea."

"Kwa sauti inayosikika?"

"Inayosikika."

"Akaitika?"

Mashavu alikuwa ameketi mbele yangu, hatua kama nne. Hakunikazia macho. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja tu: aliniuliza, nikampoza. Barua ilikuwa inakwaruza kila nikivuta pumzi. Nilikuwa na miaka sitini na minane.

"Aliitika," nikasema.

"Una la kuongeza?"

"Sina."

Mwenyekiti akasoma uamuzi. Ulikuwa na aya tano. Watu wote barazani waliitika mwisho wa kila aya, Profesa kwa sauti nzuri, Bwana Kisisa huku anabonyeza. Mimi pia niliitika. Nilikuwa nimeshazoea nchi.

* * *

Profesa Ngwali alipewa Wizara ya Uwazi. Wizara ina jengo la ghorofa tisa lisilo na kibao.

Bwana Kisisa alihamishiwa Tume ya Uchaguzi pamoja na kidude chake.

Tembe bado anaendesha lori. Siku hizi yako mawili, na kozi ni ile ile.

Wenzake Mashavu thelathini na tisa hawakupata vibali. Kumi na mmoja waliajiriwa katika Ofisi ya Vibali, kuwaeleza watu kwamba vibali hakuna. Waliobaki walivuka mpaka, na wengi wao wanazalisha huko, kwa ustadi, kwa jinsi ninavyosikia.

Mashavu alirudi Kilele. Alizalisha watoto ishirini na sita bila kibali. Polisi walimkamata akiwa kwa wa ishirini na saba, wakamtoa chumbani kabla hajamaliza. Binamu yake aliendelea. Mtoto alipona. Mama yake, aliyeitwa Chausiku, hakupona. Shtaka la kifo hicho aliongezewa Mashavu, kwa kuwa ndiye aliyeanza. Alifungwa miaka mitano.

Mimi nilisoma ukunga miaka mitatu. Nyuma ya jiko hapakuwa na mtu wakati huo, kwa hiyo sikujifunza kitu. Nilihitimu. Wino ni wa dhahabu kweli. Niliondoka katika nchi ile wiki iliyofuata, na tangu hapo nimekaa sehemu tatu.

Kifungo cha Mashavu kilikwisha mwaka jana, mwezi wa Agosti. Kama ametoka au hakutoka, sijauliza.